Nyuzi Zinazojisokota Zenyewe

Sijui kutulia. Chai yangu hupoa mezani kwa sababu katikati ya kikombe nimeshakumbuka dirisha halikufungwa, au nimeona pazia limekaa upande. Mama husema nilipokuwa mchanga hapakuwa na mgongo ulioweza kunibeba saa nzima. Cha kuchekesha ni kwamba, kati ya kazi zote za duniani, nilichagua ile inayomtaka mtu afanye jambo moja tu, kisha akae mbali asiguse kitu kwa wiki mbili.

Kazi yenyewe ni hii. Peptidi ni kipande kifupi cha kile kinachojenga protini. Yangu ilikuwa na asidi amino sita zilizoungana mstarini, na mwishoni mkia wa mafuta. Mkia unayachukia maji, upande wa pili unayapenda. Ukiiyeyusha katika maji ya moto, kisha ukaiacha ipoe polepole mno, molekuli zinajipanga zenyewe. Mikia inajificha ndani, migongo inatazama nje, na unapata utepe mwembamba kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haiuoni. Utepe huo haukai bapa, unajisokota. Kila asidi amino ina upande wake, kama sandali ilivyo ya mguu wa kushoto au wa kulia, na zile zinazojenga viumbe karibu zote ni za kushoto. Panga sandali za kushoto tupu, moja ubavuni mwa nyingine, uone kama mstari utanyooka. Ndivyo nyuzi zangu zilivyotakiwa kupinda, zote kuelekea upande mmoja, bila mkono wa mtu.

Nilikuwa nimeziona mara moja. Mara moja tu, katika picha ya hadubini ya elektroni, nyuzi nyingi nyembamba zimesokotwa vizuri hata nikapiga kelele, fundi wa hadubini akaniuliza kama nimeumwa na kitu. Profesa anayenisimamia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliitazama picha ile akairudisha mkononi mwangu.

"Mara moja inaweza kuwa bahati," alisema. "Nipe ya pili."

Tatizo lilikuwa muda. Chuo kilikuwa kimeniongezea muhula mmoja, na barua ilisema wazi kwamba ni wa mwisho. Picha ya pili isipopatikana kabla ya muhula kwisha, jina langu lingeondolewa na miaka yangu yote ya maabara ingebaki hadithi ya kusimulia harusini. Unga wa peptidi uliobaki ulitosha kujaribu mara mbili.

Hapo ndipo jicho la mama lilipokubali kufanyiwa upasuaji. Nasema lilikubali kwa sababu kwa miaka miwili yeye mwenyewe alikataa, akidai mtoto wa jicho atatoka kama alivyoingia. Siku moja alipiga simu akasema amepewa siku ya kwenda hospitalini Garissa, na atahitaji mtu wa kumtilia dawa ya matone. Ndugu zangu wako Elwak na biashara zao. Mimi ndiye binti pekee ambaye hajaolewa, na katika ukoo wetu hiyo ni kazi ya kudumu.

Nilimwambia profesa nitaondoka wiki tatu. Akanitazama, akatazama kalenda ukutani. Tukakubaliana nifanye jaribio la kwanza nyumbani. Halihitaji mashine, linahitaji maji safi, joto, na utulivu. Alinifungia mwenyewe vichupa kumi na viwili vya kioo, vimeoshwa kwa tindikali, vimekaushwa ndani ya tanuri, kila kimoja na kifuniko chake, vyote ndani ya mfuko uliozibwa. Akanipa chupa za maji yaliyochujwa mara nyingi hata hayana ladha ya chochote. "Usiguseguse," alisema. Ananijua.

Galbet, mtaa wetu wa Garissa, nilikuta nyumba yetu jinsi nilivyoiacha. Nyumba ya mama ina harufu ambayo wageni huisifu mlangoni: uunsi, uvumba wetu unaofukizwa jioni, na chini yake moshi wa kuni, wa siku nyingi, ulioingia hadi kwenye mito. Mimi siinusi. Nimezaliwa ndani yake. Ni kama kumuuliza mtu mate yake yana ladha gani.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillah. Mama alirudi na bandeji juu ya jicho la kulia na orodha ya makatazo: asiiname, asibebe ndoo, asioge kichwa, na zaidi ya yote asikaribie moshi. Nilimsomea orodha hiyo mara tatu.

"Nimesikia, hooyo," alisema. Ndivyo anavyoniita, kwa neno lilelile ninalomwita yeye, kama mama wote wa kwetu wanavyofanya kwa watoto wao. "Jicho limefungwa, masikio yako wazi."

Jikoni nilipika mimi, kwa gesi, na mama akakaa kizingitini akilalamika kwamba chakula cha gesi hakina roho.

Siku ya tatu niliona nimechelewa vya kutosha. Niliweka mfuko wa vichupa mezani. Ningeukata, nikatia maji na unga, nikapasha, nikafunga, basi. Lakini nilipovitoa niliviinua kimoja kimoja mbele ya dirisha, na nikaona, au nikadhani nimeona, chembe ya vumbi katika kimoja. Garissa ina vumbi hata ndani ya ndoto. Nikawaza, je, kama limeingia kwenye vyote? Je, kama mfuko ulitoboka ndani ya basi? Sauti ya profesa ilikuwa masikioni, usiguseguse, usiguseguse, lakini mikono yangu ilikuwa imeshafungua chupa ya maji safi. Nilisuuza vyote kumi na viwili, nikavipanga juu ya kitambaa cheupe, midomo chini, vikauke. Kisha nikakumbuka matone ya jicho yanakaribia kwisha, nikatoka kwenda duka la dawa.

Mwenye duka la dawa ni mzee anayetujua tangu zamani. Alichukua muda wake kutafuta matone.

"Wewe nasoma kemistri, siyo?" aliniuliza. "Basi tengenesa dawa ya kube. Ngamia yangu nakwisha damu, na hii ya dukani kube nakunywa kama chai."

Nilimwambia mimi sishughuliki na kupe, nashughulika na nyuzi ndogo zinazojisokota.

"Nafanya nini hizo nyuzi?"

"Bado hatujui vizuri. Labda siku moja zitashika dawa ndani ya kidonda."

"Labda," alisema, akanipa matone kwa namna ya mtu anayemsamehe mtoto.

Niliporudi, vichupa vilikuwa palepale kwenye kitambaa, midomo chini, vikavu kabisa. Mama alikuwa amelala kitandani, mkono juu ya paji la uso. Nilipima unga, nikatia maji, nikaweka vichupa ndani ya sufuria na kipimajoto cha maabara, nikasimama juu yake mpaka maji yakafika joto nililotaka. Kisha nikavihamishia vyote, pamoja na maji yao ya moto, ndani ya sanduku la sponji lile la kubebea chanjo, nikalizungushia blanketi mbili na kulisukuma chini ya kitanda changu. Kwa saa moja sanduku halina budi kupoa kidogo tu, na siku nzima kidogo tena. Jua la kwetu linasaidia. Hapo ndipo kazi yangu ilipoishia, na mateso yalipoanza.

Wiki mbili. Nilifagia ua mara nne kwa siku. Nilipanga upya kabati la vyombo, nikaudhi kila mtu aliyetafuta kijiko. Kila baada ya saa nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya blanketi, sijui nikitafuta nini, homa labda. Nilijaribu kusoma nikajikuta nimesoma mstari mmoja mara kumi. Nililala mchana nikaamka nimekasirika. Ndani ya kichwa changu nilihesabu siku za muhula mbele na nyuma, kama kwamba zikihesabiwa kutoka mwisho zitaongezeka.

"Naa, unatembea kama ngamia aliyekaribia kuzaa," mama aliniambia kutoka kitandani. "Kuna nini ndani ya hilo sanduku?"

Nilimweleza. Nilimwambia kuna vitu vidogo sana ndani ya maji vinavyojipanga vyenyewe vikajisokota kama kamba, na kwamba nisipovipata safari hii nitafukuzwa chuo. Alisikiliza kwa makini, jicho lake zima likinitazama.

"Kamba isiyosokotwa na mtu," alisema. Yeye amesokota kamba za kufungia mizigo tangu utotoni Sangailu, akiviringisha nyuzi juu ya paja. "Na vichupa vyake ni vile vidogo vya kioo?"

"Ndiyo, hooyo."

"Vizuri. Vyombo vilikuwa safi. Itakubali, inshallah."

Nilidhani ananifariji tu.

Bandeji ilitolewa, mama akasoma kibao cha duka kutoka ng'ambo ya barabara akacheka kama msichana, nami nikabeba sanduku langu mapajani hadi Nairobi.

Profesa alikuwepo maabara nilipofika. Alichukua kichupa cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga. Kilichokuwa ndani kilikuwa na ukungu kidogo, si kibaya. Akafungua kifuniko. Akasimama hivyo, kichupa kikiwa karibu na pua yake, kisha akanitazama kwa uso ambao sikuuelewa.

"Hii inanuka nyama choma," alisema.

Nilicheka. Niliinusa, sikusikia kitu. Aliita mwanafunzi mwingine kutoka chumba cha pili, naye akasema bila kuulizwa, "Nani amechoma kuni?" Ndipo nilipokumbuka. Vichupa vimeoshwa, vimewekwa midomo chini juu ya kitambaa. Nyumbani kwetu chombo kikiwekwa hivyo kinasubiri kitu kimoja tu.

Niseme kwa asiyejua. Kwetu maziwa hayatiwi ndani ya chombo kilichooshwa tu. Kwanza kinafukizwa: kipande cha kuni cha mti maalumu, kinachowaka, kinaingizwa ndani na kufunikwa, moshi unashika kuta, kisha masizi yanafutwa. Ndipo maziwa ya ngamia yanakaa siku kadhaa katika joto lile bila kuharibika, tena yanapata ladha yake. Mwanamke anayetia maziwa katika chombo kisichofukizwa ni mvivu, na majirani watajua kwa kunusa. Mama hajawahi kuwa mvivu hata siku moja.

Tulipeleka sampuli kwenye hadubini hata hivyo. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliosokotwa. Kulikuwa na vipande vifupi, bapa, vimegandamana. Moshi una mambo mengi ndani yake yanayong'ang'ania peptidi na kuizuia kujipanga. Nusu ya unga wangu ilikuwa imekwisha hivyo, na wiki tatu za muhula.

Nilitoka nje nikapiga simu.

"Hooyo, uligusa vichupa vyangu?"

"Haa," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha, ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi. "Ulivisahau bila kuvifukiza. Nikasema mtoto ana haraka. Nilitia vijiti kwenye chetezo, nikavishika kimoja kimoja juu ya moshi, vyote kumi na viwili. Nikavifuta na kitambaa kwenye ncha ya kijiti. Vidogo kweli, vilinichosha. Imekubali?"

"Daktari alikukataza moshi!"

"Nilifunga shuka juu ya bandeji. Hakuna kilichoingia. Imekubali?"

Sitaandika yote niliyosema. Nilikuwa nimesimama karibu na maegesho ya magari na watu walikuwa wanapita, na nilipaza sauti kama mtu aliyeibiwa. Nilimwambia ameharibu kila kitu. Nilimwambia moshi unagandamana na kuta za chombo, una sumu, unaharibu chochote kinachoingia, kwamba hilo ni jambo linalojulikana, kwamba nimesoma miaka yote hii kwa ajili ya kujua mambo kama hayo. Halafu akasema, "Sikujua, hooyo," nami nikakata simu.

Niliporudi ndani profesa alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa.

"Vichupa vilitoka hapa vimezibwa," alisema. "Nani alivifungua akaviacha wazi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Ningeukata ule mfuko na kutia maji papo hapo, mama asingeona chombo chochote kinachosubiri moshi. Ni mikono yangu. Nilijua hivyo siku ileile, saa ileile, kabla simu haijapoa mfukoni, na sikumpigia. Nilijiambia nitampigia nikipata picha nzuri, ili maneno yangu yawe na kitu cha kuyashika mkono. Huo ulikuwa uoga, na nimeuita majina mengine mengi tangu hapo.

Unga uliobaki niliutumia kwenye maabara, vichupa vipya, nikavifungua na kuvifunga ndani ya pumzi moja. Wiki mbili nyingine. Profesa aliniondolea ufunguo wa chumba. Kisha foleni ya hadubini, kisha mashine ikaharibika kidogo, kisha fundi akaenda msibani. Nilikula kucha. Nilitembea kwa miguu kutoka chuo hadi Eastleigh na kurudi bila sababu yoyote. Mama alinitumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa, salamu fupi, afya, dua, na hakutaja vichupa. Nilimjibu kwa kifupi vilevile.

Siku ilipofika, picha ikafunguka kwenye kioo polepole, na zilikuwepo. Nyuzi, nyuzi, nyuzi, ndefu, nyembamba, kila mmoja umejisokota kuelekea kushoto, hakuna hata mmoja uliokwenda kinyume. Safari hii sikupiga kelele. Profesa alizihesabu, akapima mizunguko, akaandika "imerudiwa" pembeni ya daftari langu, akaweka sahihi. Barua ya chuo ikajibiwa. Nilikuwa nimepona.

Jumamosi ile nilipanda basi kwenda Garissa, picha ikiwa ndani ya simu.

Mama alinipokea mlangoni, macho yote mawili wazi, akanishika mabega akinitazama kana kwamba anasoma maandishi. Aliniketisha. Aliniletea maziwa kwenye bilauri, kama kawaida. Nilikunywa funda moja nikasimama.

Yalikuwa maziwa tu. Sijui niseme vipi. Maziwa matupu, yenye uchachu kidogo mwishoni, ya mahali popote. Maisha yangu yote sikuwahi kuusikia moshi katika nyumba ile mpaka siku ulipokosekana. Niliingia jikoni. Chetezo kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa na gazeti. Vile vijiti vya kufukizia havikuwepo kwenye kona yake. Vidumu vya maziwa vilikuwa vimeoshwa, vinang'aa, midomo juu.

"Hooyo, mbona hufukizi?"

"Ulisema una sumu," alijibu. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekumbuka agizo la daktari. "Unashika ukuta wa chombo na kuharibu kila kinachoingia. Nilifikiri, ninyi wote niliwanywesha hivyo."

Nilimwonyesha picha kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akatabasamu. Kidole chake kilifuata uzi mmoja, kisha mwingine.

"Zote zimekwenda upande mmoja," alisema. "Mashallah. Na hizi hazikupata moshi?"

"Hazikupata."

Alinirudishia simu. "Basi ilikuwa kweli ni mimi."

"Siyo wewe." Nilisema kwa haraka, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kidogo kile. "Vichupa vilikuja vimezibwa, vikiwa safi. Nilivifungua mimi, nikaviosha tena bila sababu, nikaviacha midomo chini nikatoka. Ungefanya nini kingine? Na moshi wako hauna sumu kwa maziwa, hooyo, ni mimi nilisema kwa hasira. Moshi ndio unaoyalinda. Nilijua hayo yote siku ileile niliyokupigia."

Mama alichukua bilauri yangu, akaitazama, akaenda nayo hadi mlangoni na kuimwaga kwenye mchanga wa ua, mahali ambapo palikuwa pameshakuwa na doa jeupe, gumu, kubwa kama sinia.

"Wiki tano," alisema, mgongo wake ukiwa kwangu. "Kila alasiri nimemwaga maziwa hapa."